Bwana Nyoka wa Liwale na Newala

Ukitoka Naipingo, wilayani Nachingwea, ukashika njia ya magharibi, unaingia Liwale. Ukienda kusini ukaipita Masasi, unapanda Newala. Katika miji hiyo miwili aliishi Mwingereza ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka.

Jina lake ni Constantine Ionides, aliyezaliwa mwaka 1901. Alikuja Tanganyika miaka ya 1920 akiwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Uingereza, akawa jangili wa pembe za ndovu, na mwaka 1933 akaajiriwa na Idara ya Wanyamapori. Hakuoa, na pori alilipenda kuliko baraza la watu. Alipostaafu alihamia Newala, akakamata koboko, swila na moma kwa ajili ya watafiti na bustani za wanyama za ng'ambo. Aliumwa mara nyingi hadi vidole vikalemaa.

Mwanakijiji anayeishi peke yake na kufuga nyoka angeitwa mchawi na kufukuzwa. Ionides alikuwa mzungu wa serikali, kwa hiyo watu walimwogopa, wakakaa mbali, lakini hakuna aliyemgusa. Koboko alipoonekana juu ya mwembe, ndipo Ionides alipofuatwa mbio. Naye alimlipa aliyeleta habari.

Hata hivyo, alama yake kubwa kusini si nyoka. Ionides, aliyejitenga na watu, aliamini kwamba tembo na binadamu nao watenganishwe, na akapigania kwa miaka mingi kupanuliwa kwa Pori la Akiba la Selous. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, ikitaja ugonjwa wa malale, ilihamisha maelfu ya watu, wengi wao Wangindo, kutoka vijiji vyao. Ardhi yao ikaingizwa katika pori hilo; mashamba yakawa mahame, na mahame yakawa makao ya tembo.

Mwaka 1982 Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sifa za Ionides, aliyepigania kupanuliwa kwake, zimeandikwa vitabuni. Tuzikubali, maana ujasiri wake ulikuwa wa kweli. Lakini tuisimulie historia nzima. Ionides alifariki mwaka 1968, akazikwa humo humo porini, karibu na mlima Nandanga. Mgeni alipewa kaburi katika ardhi ambamo wenyeji walilazimishwa kuyaacha makaburi ya babu zao. Wenyeji hao nao wanastahili kutajwa kila jina lake linapotajwa.