Trauti wa Mto Gura na Maji ya Kibera

Katika mito ya baridi ya Kenya wamo samaki ambao mababu zetu hawakuwajua. Jina lao ni trauti, nao ni wageni kutoka ng'ambo. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, aliagiza mayai ya trauti kutoka ziwa la Loch Leven, huko Scotland. Yalivuka bahari, na samaki wake wakatiwa katika Mto Gura, katika milima ya Nyandarua ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika Nairobi tangu mwaka 1899, lakini huko mlimani hapakuwa na njia ya gari moshi.

Kwa nini alichagua mlima? Kwa sababu trauti hawezi kuishi katika maji ya vuguvugu, wala katika maji machafu. Hutaka maji ya baridi yaendayo kwa kasi, yenye kupiga juu ya mawe na kuchukua hewa nyingi. Hujificha nyuma ya jiwe, mahali ambapo maji yametulia, akingojea mkondo umletee wadudu.

Mvuvi wake hutumia ndoana ndogo iliyofungwa manyoya hata ikafanana na nzi. Kazi ni ngumu, kwa maana mto hauendi kwa mwendo mmoja. Katikati maji hukimbia, kando hupunguza mwendo, na nyuma ya mawe huzunguka na kurudi nyuma. Mshipi ukiangukia penye kasi huvutwa, nao humvuta yule nzi wa bandia. Na samaki akiona nzi anakwenda mwendo usio wa maji, humwacha. Kwa hiyo mvuvi mwenye busara huulegeza mshipi, kisha huuinua na kuulaza tena upande wa juu wa mto, ili nzi apate nafasi ya kuelea pole pole. Maji hufuata mkondo, na mvuvi naye hana budi kuufuata.

Lakini historia ya samaki huyu si ya mchezo tu. Wakikuyu, waliokaa chini ya milima hiyo, kwa desturi hawakula samaki. Uvuvi wa trauti ulikuwa burudani ya walowezi, nao uliwekewa sheria na leseni. Grogan mwenyewe, mwaka 1907, aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, akahukumiwa kifungo. Mtu aliyetaka samaki wake watunzwe kwa uangalifu hakuwaheshimu watu wa nchi. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kituo cha kuzalisha trauti huko Kiganjo. Miaka michache baadaye, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, misitu ya milima hiyohiyo ikawa maficho ya wapiganaji wa uhuru.

Sasa na tutazame Kibera, mjini Nairobi. Mahali hapo palikuwa msitu, na jina lake latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana hiyo. Askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza ndio waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa kusini hupita Mto Motoine, na mwaka 1953 ulizuiwa ikapatikana Nairobi Dam, bwawa la kuweka akiba ya maji ya mji. Watu walifika kuendesha mashua za tanga. Kisha wakazi wakaongezeka kwa maelfu, bila kujengewa mifereji ya kutosha ya maji machafu. Taka zikateremka mtoni, na kabla karne haijaisha magugumaji yalikuwa yamelifunika bwawa. Kosa si la maskini aliyekosa choo peke yake. Ni la mji uliompa kazi, usimpe huduma.

Hata hivyo Kibera na milima ya Nyandarua hazikutengana. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika milima hiyo, hasa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994. Mama anunuaye mtungi wa maji katika kichochoro cha Kibera huenda akabeba maji yaliyoanza safari katika msitu uleule unaowapa trauti baridi yao.

Basi trauti ni shahidi wa mto. Anapoishi, twajua kwamba maji ni safi na msitu ungali umesimama. Zamani mito ya mlimani ilitunzwa kwa ajili ya samaki na wavuvi wachache. Kazi ya kizazi cha leo ni kuitunza mito yote, wa Gura na wa Motoine pia, kwa ajili ya watu wote.