Saa 85 kwa Mwezi: Marubani wa Marekani na Riziki ya Mwenzao

Mwaka 1933, wakati robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi, rubani wa ndege za abiria alikuwa bado mtu ambaye mshahara wake unaonewa wivu. Sehemu ya ujira wake ilihesabiwa kwa maili. Mwaka huo ikaanza kubeba abiria ndege mpya, Boeing 247, yenye kasi kuliko nyingi zilizoitangulia, na waajiri wakaanza kupiga hesabu upya. Ndege ikienda kasi, maili huongezeka ndani ya saa ileile, na ujira hupanda bila tajiri kutaka. Kampuni tano kubwa zikakubaliana kufuta malipo ya maili na kulipa kwa saa peke yake.

Aliyesimama mbele yao ni David Behncke, rubani wa Chicago, mmoja wa walioasisi chama cha marubani, ALPA, mwezi Julai 1931. Behncke akatishia mgomo. Serikali ya Roosevelt ikaingilia kati, na shauri likapelekwa kwenye Bodi ya Taifa ya Kazi. Mei 1934 bodi ikatoa Uamuzi Namba 83: malipo ya maili yaliendelea kuwa sehemu ya ujira, na rubani asiruke zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Miaka minne baadaye Bunge liliuingiza uamuzi huo katika sheria ya usafiri wa anga ya 1938.

Hadharani, ukomo wa saa 85 ulitetewa kwa hoja ya usalama, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Rubani aliyechoka huua. Lakini ndani yake kulikuwa na hoja nyingine ambayo mtu yeyote wa zama zile za ukosefu wa kazi aliielewa bila kufafanuliwa: anayeruka saa 120 amebeba na sehemu ya kazi ya mtu mwingine. Usalama na riziki vikafungwa kwenye furushi moja, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua.

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima kujua jinsi kazi hii inavyopangwa. Kila rubani wa kampuni kubwa ya Marekani ana namba. Aliyeajiriwa kwanza yuko juu kwenye orodha, na namba yake ndiyo inayoamua ataendesha ndege gani, atakuwa kapteni au rubani msaidizi, atapata likizo Desemba au Februari. Kampuni ikipunguza watu, hawachaguliwi kwa uwezo wala kwa idadi ya watoto. Orodha hukatwa kuanzia chini. Waliokatwa hupewa likizo bila malipo isiyo na tarehe ya mwisho. Hawajafukuzwa. Namba zao zinabaki, na siku kazi zikirudi wataitwa kwa kufuata orodha ileile. Lakini mmoja wao akihamia kampuni nyingine, hata awe na miaka 15 angani, anaanza mkiani, kwa mshahara wa mkiani. Ndiyo maana wengi husubiri. Wanauza nyumba au kufundisha vijana kurusha vindege vidogo, huku wakiiangalia orodha.

Walio juu ya mstari wa mkato nao wana ratiba zao za mwezi. Sheria ya serikali katika zama za ndege za jeti iliruhusu hadi saa 100 kwa mwezi na 1,000 kwa mwaka, na vyama vilipigania ukomo wa chini ya hapo kwenye mikataba. Kila mwezi hubaki safari zisizo na mtu: mmoja kaugua, mwingine yuko mafunzoni, dhoruba imevuruga ratiba. Kampuni huzitangaza, na rubani mwenye nafasi huziomba au hupigiwa simu siku yake ya mapumziko aulizwe kama atakuja. Akikubali, analipwa zaidi. Fanya hesabu ndogo: marubani 13 wakiongeza saa 6 kila mmoja, wameruka saa 78, ambayo ni karibu ratiba nzima ya mwezi ya mtu mmoja. Hesabu hiyo huwa haimsumbui mtu hadi siku ambayo huyo wa kumi na nne yuko nyumbani bila mshahara.

Siku hiyo ilifika kwa maelfu baada ya Septemba 11, 2001. Ndani ya wiki chache kampuni kubwa zilipunguza takriban sehemu moja ya tano ya safari zao. United, ambayo ndege zake mbili zilikuwa miongoni mwa nne zilizotekwa siku ile, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 20,000 wa idara zote, na katika miaka miwili marubani zaidi ya 2,000 wakawa wamerudishwa nyumbani. Desemba 2002 kampuni yenyewe ikakimbilia hifadhi ya mahakama ya ufilisi, ikakaa humo hadi Februari 2006.

Miaka hiyo iliharibu kitu ambacho hakionekani kwenye vitabu vya hesabu. Mishahara ya marubani ilikatwa mara mbili na mikataba ikalegezwa ili waliobaki waruke saa nyingi zaidi. Kisha mfuko wao wa mafao ya uzeeni ukavunjwa na kukabidhiwa shirika la serikali la bima ya mafao. Hapo palikuwa na ukatili wa kisheria unaostahili kutazamwa kwa karibu. Sheria ya anga ilimlazimisha rubani kustaafu akiwa na miaka 60. Sheria ya mafao ilimpunguzia malipo anayestaafu kabla ya 65. Kapteni aliyetumikia miaka 30 alijikuta anaadhibiwa na mkono mmoja wa serikali kwa kutii mkono mwingine.

Huyu ndiye mtu aliyepigiwa simu na ofisi ya ratiba, aje kuruka siku yake ya mapumziko kwa ujira wa ziada. Watu wakizungumzia tamaa ya marubani wakongwe huwa wanamsahau. Ana umri wa miaka 57, mafao yake yameyeyuka, mtoto yuko chuo kikuu. Mwenye njaa hana miiko. Sisemi hivyo ili kumtakasa; nasema aliyemfikisha mahali pa kuchagua kati ya mfuko wake na kazi ya kijana aliye chini yake si kijana huyo, wala si yeye.

Desemba 2007 umri wa kustaafu ukapandishwa hadi 65. Kwa wakongwe ilikuwa nafuu. Kwa walio mkiani maana yake ilikuwa kwamba nafasi walizozisubiri zisingefunguka kwa miaka mitano mingine. Halafu mafuta yakapanda, na Julai 2008 pipa likagusa dola 147. United ilikuwa tayari imetangaza mwezi Juni kwamba itaegesha ndege 100, na marubani 950 watakwenda nyumbani. Baadaye hesabu ikavuka 1,400. Miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kupunguzwa baada ya 2001, wakaitwa tena, na sasa wanaondolewa mara ya pili.

Ndipo simu za ofisi ya ratiba zilipoanza kukosa majibu. Kwa kweli, kwa mujibu wa kampuni, zilikuwa zimeanza kukosa majibu tangu mwisho wa 2006: marubani walihimizana wasikubali safari za ziada na wafuate mkataba neno kwa neno. Ulikuwa mgomo baridi. Aliyekubali simu alionekana msaliti. Kisha, kati ya tarehe 19 na 27 Julai 2008, idadi ya waliosema wanaumwa ikapanda ghafla, hasa marubani wasaidizi wa chini ambao barua za kupunguzwa ziliwasubiri. Safari 329 zikafutwa, na abiria wapatao 36,000 wakaathirika.

Kampuni ikakimbilia mahakama ya shirikisho mjini Chicago, mji uleule wa Behncke. Chama cha marubani, ALPA, kilijitetea kwa hoja iliyoonekana kuwa na uzito: mkataba unampa rubani haki ya kukataa safari ya ziada, sasa kosa liko wapi? Novemba 2008 Jaji Joan Lefkow alitoa amri ya zuio dhidi ya chama, na Machi 2009 mahakama ya rufani ikaiunga mkono. Sheria inayotawala ni ya reli, ya mwaka 1926, iliyopanuliwa hadi kwenye ndege mwaka 1936. Inazitaka pande zote zisibadili hali iliyopo kazini wakati mzozo haujamalizwa kwa taratibu zake. Na hali iliyopo, walisema majaji, si maandishi ya mkataba peke yake, bali pia mazoea. Marubani kwa miaka walizoea kukubali safari za ziada. Mmoja akikataa, hiyo ni haki yake. Wakikataa wote kwa makubaliano, wamebadili hali ya kazi, na hilo ni kosa.

Msimamo huo haukuwa mpya. Mwaka 1999 chama cha marubani wa kampuni ya American kilitozwa zaidi ya dola milioni 45 kwa sababu wanachama wake waliendelea kusema wanaumwa baada ya jaji kuwaamuru warudi kazini. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ya Atlanta iliamua dhidi ya marubani wa kampuni ya Delta waliokuwa wakisusia saa za ziada. Lakini hao walikuwa wakipigania maslahi yao wenyewe. Ndani ya kesi ya United mlikuwa na jambo ambalo mahakama haikuundwa kulipima, yaani aibu ya mtu kula kwenye sahani ya mwenzake aliyeinuliwa mezani. Lililokuwa uungwana kwa rubani mmoja mmoja likawa kosa mara tu walipoambiana.

Nadhani majaji waliisoma sheria sawasawa. Nadhani pia mgomo baridi ulikuwa silaha mbovu kwa kazi hiyo. Kapteni wa Boeing 747 akikataa safari ya Tokyo, hamrudishi kazini rubani msaidizi wa 737 aliyekatwa Denver. Vyeti vyao ni tofauti, na kumfundisha mtu ndege nyingine huchukua wiki kadhaa. Kampuni yenye mpango wa kuegesha ndege 100 haiiti watu kwa sababu safari kumi hazina mwenyewe. Inazifuta, na anayelala sakafuni uwanjani ni abiria. Lakini anayetoka hapo na kusema kila mtu ajali mambo yake naye anakosea. Saa hizo ni kazi ya mtu, na mwaka 1934 serikali yenyewe iliziwekea ukomo.

Ilichukua janga la korona kuirudisha hoja hiyo mezani. Machi 2020 Bunge lilitenga dola bilioni 25 za kulipa mishahara kwenye kampuni za ndege za abiria, kwa sharti kwamba zisipunguze watu hadi Septemba 30. Tarehe ya ukomo ilipokaribia, American ilijiandaa kuwarudisha nyumbani marubani 1,600, na United 2,850. Kampuni hizo mbili zikaenda njia mbili. American iliwapunguza Oktoba 1. United na chama chake walikaa wakaandika mkataba: saa za kila rubani zipunguzwe, ujira nao upungue, na kazi iliyopo igawanywe kwa wote. Hakuna aliyenong'onezwa akatae simu. Kila mmoja alipiga kura juu ya mfuko wake mwenyewe, na asilimia 58 wakakubali. Asilimia 42 walisema hapana, na sina haki ya kuwabeza. Huenda wengi wao walikuwa na uhakika kwamba mkasi usingewafikia.

Delta ilifanya jambo la kufanana na hilo Novemba. Mwishoni mwa Desemba Bunge likatoa fedha nyingine, na marubani wa American wakarudishwa kwenye orodha ya malipo, lakini kurudishwa kwenye malipo si kurudi angani: ilibidi wapite tena mafunzoni kwanza. Juni 2021, abiria walipofurika, American ilifuta mamia ya safari, na upungufu wa wafanyakazi ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kwa upande wa United, hakuna rubani hata mmoja kati ya wale 2,850 aliyepewa likizo ile isiyo na malipo.