Dhamana na dhima ya jinai (sheria ya Kongo)
Dhamana na dhima ya jinai ni kanuni zinazoongoza ukamataji, mashtaka na kuachiwa kwa muda kwa mtuhumiwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo; mahakama za Bukavu, Kivu Kusini, huzitumia kama za kwingineko nchini. Msingi wake ni Katiba ya 18 Februari 2006 na sheria ya mwenendo wa jinai ya 6 Agosti 1959.

Ibara ya 17 ya Katiba inaweka uhuru kuwa kanuni na kizuizi kuwa hali ya kipekee. Dhima ni ya mtu binafsi: mzazi au ndugu hawezi kukamatwa badala ya mtuhumiwa aliyetoroka, katazo lenye uzito mkubwa kwa familia. Ibara ya 18 inataka mtu aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na inaweka kikomo cha saa 48 kwa mahabusu ya polisi.

Dhamana ya fedha huhakikisha mshtakiwa atafika mahakamani. Si bei ya kununua kesi. Ili kufungua kesi, mlalamikaji anaweza kupitia parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), au kumwita mshtakiwa moja kwa moja mbele ya hakimu.