Reli Ilikuwa Mikononi Mwetu: Kenya na Kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda, 1972

Agosti 1972, Idi Amin aliwapa maelfu ya Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Kenya iliitikia upesi, lakini makali yake yaliwaangukia waliofukuzwa. Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, alitangaza kwamba Kenya haitakuwa jaa la raia wa nchi nyingine, na mpaka ukafungwa kwao. Aliyewafukuza hakukemewa.

Waliopita kwetu waliruhusiwa kupita tu. Treni ilitoka Kampala, ikaingia Eldoret, ikashuka Nakuru hadi Mombasa, ambako walipanda meli. Njiani, kabla ya kuvuka mpaka, askari wa Amin walikuwa wamekwisha kuwavua saa na bangili. Familia nzima iliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi. Reli hiyo iko kilomita chache kutoka hapa Kimumu, Eldoret, ninapoandikia, na barabara kuu ya mji wetu bado inaitwa Uganda Road.

Utetezi uliozoeleka wa kimya hicho ni kwamba Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Utetezi huo haunishawishi. Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia walifungwa na mkataba uleule, na bado walimshutumu Amin hadharani kwa ubaguzi. Tena Nyerere hakuwa na rekodi safi: mwaka mmoja tu kabla, serikali yake ilitaifisha majumba ambayo mengi yalikuwa ya Waasia. Alisema hata hivyo.

Wala hatukukosa nguvu. Mwaka 1976 Amin alipodai sehemu ya ardhi ya Kenya, makuli wa Mombasa waligoma kugusa shehena ya Uganda. Julai mwaka huo, baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Wakenya waliuawa nchini Uganda. Nairobi ikadai malipo kwa shilingi ya Kenya ndipo bidhaa zipite, na Uganda ikakaukiwa mafuta. Agosti nchi hizo mbili zikaketi kupatana. Bandari na reli hizo zilikuwepo 1972.

Kilichotuziba mdomo kilikuwa nyumbani. Sheria zetu za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, wengi wao Waasia, hata maelfu wakakimbilia Uingereza kabla haijafunga mlango wake Machi 1968. Serikali iliyotunga sheria hizo ingemkemea Amin kwa maneno gani bila raia wake kuuliza kuhusu maduka yaliyofungwa Nairobi na Kisumu?

Hata hivyo, kati ya kumkemea Amin na kuwafungia wahanga wake mpaka palikuwa na nafasi pana. Mkataba wa wakimbizi wa OAU, uliopitishwa Addis Ababa 1969, ulikuwa umetamka kuwa kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani lisilopaswa kuhesabiwa uadui. Kenya ingeweza kuwapokea kwa muda mpaka Uingereza, Kanada na India zikamilishe hati zao, pasipo kutamka neno moja dhidi ya Kampala.