Ishirini na Tano Januari: Tarehe Moja, Miaka Saba

Magazeti yetu yana desturi ya kutenga pembe ndogo ya kuorodhesha mambo yaliyotokea "siku kama ya leo". Msomaji hukuta humo mfalme aliyezaliwa, meli iliyozama na mkataba uliotiwa saini, yote yamepangwa pamoja kama abiria wasiojuana ndani ya basi. Mwalimu wa historia aghalabu huicheka orodha ya namna hiyo, naye ana haki, kwani tarehe ni hesabu ya siku tu, haizai mambo. Lakini iko tarehe moja ambayo mtu wa Makindye hawezi kuipita kwa kicheko. Tarehe yenyewe ni 25 Januari.

Tuanze na Jumamosi, 25 Januari 1964. Alfajiri ya siku ile, wanamaji wa Kiingereza walisafirishwa kwa helikopta kutoka manowari iliyoitwa Centaur, wakateremshwa penye kambi ya Colito, nje ya mji wa Dar es Salaam, mahali panapoitwa leo Lugalo. Walikuja kwa ombi la Mwalimu Nyerere mwenyewe, nalo lilikuwa ombi chungu, kwa maana Tanganyika ilikuwa na umri wa miaka miwili tu ya uhuru. Askari wake walikuwa wameasi tangu usiku wa kuamkia tarehe 20, wakidai mishahara mikubwa zaidi na kutaka maofisa Waingereza waondoke. Siku hiyo hiyo huko Kenya, Waingereza walikuwa wakiyazima maasi ya kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, yaliyozuka usiku uliotangulia. Hapa Uganda askari wa Jinja walikuwa wameasi tangu tarehe 23, wakamshika Waziri Felix Onama alipokwenda kusikiliza madai yao. Huku nako Waingereza wakaitwa.

Si ajabu kwamba moto uliwaka mahali patatu kwa juma moja. Majeshi yale yalikuwa watoto wa mama mmoja, King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902. Yalilelewa kwa gwaride moja, kwa malalamiko mamoja na kwa lugha moja, nayo ni Kiswahili.

Tofauti ilianza moto ulipozimika. Tanganyika ililivunja jeshi lake, na tarehe 1 Septemba 1964, ikiwa sasa imeungana na Zanzibar, ikazindua jeshi jingine, Jeshi la Wananchi, ambalo askari wake walifundishwa siasa pamoja na bunduki. Kenya iliwapeleka waasi mahakamani. Uganda ilichagua njia nyepesi kuliko zote. Baadhi ya waasi walifukuzwa, hilo ni kweli, lakini mshahara wa askari ulipandishwa zaidi ya maradufu, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo kwa haraka. Kwa maoni yangu hapo ndipo askari wa Uganda alipojifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba bunduki ikielekezwa kwa serikali hulipa.

Miongoni mwa waliopanda haraka alikuwa Idi Amin, aliyeingia King's African Rifles mwaka 1946. Tarehe 24 Mei 1966 yeye ndiye aliyeongoza shambulio la jumba la Kabaka huko Mengo, kwa amri ya Milton Obote, na Kabaka Mutesa akakimbilia ng'ambo. Kwa mara ya pili bunduki ilikuwa imelipa.

Ikaja Jumatatu, 25 Januari 1971. Obote alikuwa amekwenda Singapore kwenye mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola. Alasiri, Radio Uganda ilitangaza sababu 18 za jeshi kuitwaa serikali. Tusijidanganye kwamba wote walilia siku ile. Wengi Kampala, hasa Waganda waliokumbuka Mengo, walicheza barabarani. Siku tatu baadaye wafungwa 55 wa kisiasa waliachiliwa, na mmoja wao alikuwa Ben Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hii.

Ndugu walimu na watambue hapa jambo moja la lugha. Yale ya 1964 twayaita maasi, na haya ya 1971 twayaita mapinduzi, neno lile lile litumikalo kwa Zanzibar ya 12 Januari 1964. Kiswahili hakitofautishi umma unaoipindua dola na kikosi kinachoiteka redio. Mwanafunzi akiuliza tofauti, yampasa mwalimu aeleze kwa sentensi nzima, maana neno peke yake halitamsaidia.

Makindye, kilima kitazamacho Ziwa Nyanza, kiliyajua mapinduzi yale kwa njia yake. Hapa palikuwa na kambi ya polisi wa jeshi, na ndani ya kambi mlikuwa na gereza. Askari wengi wa kabila la Waacholi na la Walango waliletwa humo, wala wengi wao hawakutoka. Chumba kimojawapo cha gereza lile kiliitwa Singapore. Kilipewa jina la mji ule aliokuwamo Obote alipopinduliwa, hivi kwamba tarehe 25 Januari ilikuwa kama imeandikwa juu ya mlango. Sijui mzaha mwingine wa jeshi uliokuwa mzito kuliko huo.

Ben Kiwanuka, aliyefunguliwa na mapinduzi na kufanywa Jaji Mkuu, alikamatwa na wanajeshi ndani ya Mahakama Kuu tarehe 21 Septemba 1972, baada ya kuamuru kuachiliwa kwa Mwingereza mmoja aliyeshikwa na jeshi. Inaaminika kwamba aliletwa Makindye. Hakuonekana tena.

Mwaka uliofuata, 1973, Amin alitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Amri hiyo ilitupa sisi walimu cheo, ikatupa pia mzigo. Mtoto wa Kampala aliyekuwa akisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, hakuwa na sababu ya kukipenda darasani. Wako wazee wa mtaa huu ambao wakiamkiwa kwa Kiswahili hadi leo hujibu kwa Kiganda.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Tanzania na kuiteka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera. Jeshi lililoyarudisha nyuma, likavuka mpaka na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 pamoja na wapiganaji wa Uganda, lilikuwa Jeshi la Wananchi, lile lililozaliwa kutokana na aibu ya Colito. Majeshi mawili yaliyotoka kwa mama mmoja, na kila moja likiwa na 25 Januari yake, yalikutana katika mitaa yetu. Watu waliojifungia majumbani walisikia nje askari wakiitana kwa Kiswahili, wakatetemeka kama ilivyokuwa desturi. Wakasikiliza tena. Kilikuwa Kiswahili cha namna nyingine, chenye "ndugu" na "tafadhali", nao wakafungua milango.