Chuo Kikuu cha Howard: Elimu Iliyowarejeshea Watu Haki Yao



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, tunapozungumza historia ya elimu, mara nyingi tunakwenda Al-Azhar, Qarawiyyin au Timbuktu. Safari hii tunakwenda kwenye chuo kisichokuwa cha Waislamu: Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, Marekani. Ni mojawapo ya vyuo takriban 100 vilivyobaki kati ya vile vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi wakati ambapo milango ya vyuo vingi vingine ilikuwa imefungwa mbele yao. Tumekichagua kwa sababu swali lililokikabili ndilo linalotukabili sisi Waislamu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki. Watu waliocheleweshwa katika elimu wakishapata chuo chao wenyewe, je, inatosha kwamba chuo kipo?

KUSOMA KULIPOKUWA KOSA

Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume (s.a.w.) katika pango la Hira ilikuwa amri ya kusoma. Anajua pia kisa cha mateka wa Badr, mwaka wa 2 Hijria. Wale ambao hawakuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika, walipewa watoto 10 wa Madina kila mmoja wawafundishe, kisha wakaachiwa huru. Elimu ndiyo iliyokuwa fidia yao.

Katika Marekani ya utumwa mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1740 koloni la South Carolina lilipitisha sheria ya kumtoza faini mtu yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Katika miaka ya 1830 majimbo kadhaa ya kusini yalikaza sheria za namna hiyo, na kusoma nako kukaingizwa katika makatazo. Wenye watumwa walifahamu vizuri kwamba mtu anayesoma hatawaliki kirahisi.

Wala tusisahau kwamba miongoni mwa watumwa hao walikuwamo Waislamu waliokwisha kusoma makwao. Omar ibn Said alikamatwa Futa Toro, katika eneo la Senegal, akafikishwa Charleston mwaka 1807. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, akitanguliza Suratul Mulk. Alifariki katika miaka ya 1860 akiwa bado mtumwa. Mwandiko wake umo katika Maktaba ya Bunge la Marekani tangu mwaka 2017, katika mji ule ule wa Washington ambamo chuo cha Howard kilijengwa.

CHUO KINAZALIWA

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizika mwaka 1865, na utumwa ukafutwa katika nchi nzima. Watu wapatao milioni 4 walijikuta huru bila ardhi, bila fedha, na wengi wao bila kujua herufi. Mwaka uliofuata, Wakristo wa kanisa moja la Washington walikutana wakafikiria kuanzisha chuo cha kuwasomesha wahubiri Weusi. Fikra hiyo ikapanuka, wakaongeza walimu, kisha wakaamua kiwe chuo kikuu kamili. Hati ya kukianzisha ilitiwa saini tarehe 2 Machi 1867. Kilipewa jina la Jenerali Oliver Otis Howard, mkuu wa idara ya serikali iliyowahudumia watu waliotoka utumwani.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Masomo yalianzia katika jengo la kupanga ambalo kabla yake lilikuwa ukumbi wa dansi na ulevi. Tena jambo la kushangaza ni kwamba wanafunzi wa kwanza walikuwa wasichana wachache wa Kizungu, watoto wa baadhi ya waasisi, kwa sababu hati ya chuo haikumfungia mlango mtu wa rangi yoyote. Kitivo cha tiba kilifunguliwa mwaka 1868, na cha sheria mwaka 1869.

Kwa karibu miaka 60 wakuu wa chuo waliendelea kuwa Wazungu. Mwaka 1926 ndipo alipoteuliwa Mordecai Johnson, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa, na akakiongoza hadi mwaka 1960. Mwaka 1928 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu chuo kipewe fedha za serikali kila mwaka.

UAMUZI MGUMU WA HOUSTON

Hapa ndipo kilipo kiini cha habari yetu. Kitivo cha sheria cha Howard kilikuwa kimeshatoa mawakili wengi Weusi, lakini kilikuwa cha masomo ya jioni. Wanafunzi walikuja baada ya kazi zao za mchana. Hakikuwa kimetambuliwa rasmi na Chama cha Mawakili cha Marekani. Watu walikipenda, walijivunia kuwa ni chao, na wengi waliona hayo yanatosha.

Mwaka 1929 Johnson alimkabidhi kitivo hicho Charles Hamilton Houston, mzaliwa wa Washington aliyesoma Harvard, ambaye baba yake alikuwa wakili aliyesoma hapo hapo Howard. Houston aliona kwamba mtu Mweusi anapoingia mahakamani hasamehewi kosa hata dogo, kwa hiyo wakili wake hana budi kuwa hodari kuliko wa upande wa pili. Akafunga masomo ya jioni. Akapandisha masharti ya kuingia. Wasioweza kazi walirudishwa nyumbani.

Uamuzi huo uliwaumiza watu. Wafanyakazi waliotegemea masomo ya jioni walikosa nafasi, na lawama zilikuwa nyingi, zikiwamo za wahitimu wa chuo wenyewe. Hatusemi kwamba walalamikaji hawakuwa na hoja. Mlango wa maskini ulikuwa umebanwa kweli. Lakini mwaka 1931 kitivo kilitambuliwa rasmi, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba wakili wa Howard ni wakili nusu.

Houston aliwafundisha vijana wake kwamba wakili asiyetumia sheria kuwatengenezea watu maisha yao ni kupe anayewanyonya.

MAMA ALIYEWEKA PETE REHANI

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Thurgood Marshall wa Baltimore. Chuo cha sheria cha jimbo lake la Maryland hakikuwa kikipokea watu Weusi, kwa hiyo alikwenda Howard. Mama yake, mwalimu wa shule, aliweka rehani pete zake, ya ndoa na ya uchumba, ili kulipa ada. Kijana hakuwa na uwezo wa kupanga chumba Washington, hivyo kila siku alipanda treni asubuhi na kurudi nyumbani usiku, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kila upande. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1935, yeye na mwalimu wake Houston walikipeleka mahakamani chuo kile kile cha Maryland kwa niaba ya kijana Mweusi, Donald Murray, aliyekataliwa kuingia. Wakashinda.

Wakati huo sheria ya Marekani ilisema kwamba watu wa rangi mbili wanaweza kutenganishwa, mradi wanachopewa kiwe sawa. Houston alisafiri kusini na kamera, akapiga picha za shule za watoto Weusi na za watoto wa Kizungu, ili kila mwenye macho aone kwamba usawa huo haukuwapo. Kesi moja ilizaa nyingine. Huko Howard, mawakili walizoea kufanya mazoezi kabla ya kwenda Mahakama ya Juu: maprofesa na wanafunzi walikaa kama majaji na kumbana wakili kwa maswali mpaka udhaifu wa hoja yake uonekane.

Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Marshall ndiye aliyeongoza mawakili wa watoto hao, na kadhaa kati ya wenzake walikuwa wahitimu au walimu wa Howard. Houston hakuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 22 Aprili 1950, akiwa na umri wa miaka 54. Alipanda yeye, wakavuna wengine. Mwaka 1967 mwanafunzi wake huyo akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu.

MATUNDA YALIYOFIKA KWETU

Huenda msomaji akasema hayo ni ya Marekani. La, yalifika hata Afrika Mashariki. Profesa Ralph Bunche, aliyeanzisha idara ya elimu ya siasa Howard mwaka 1928, alijifunza Kiswahili mjini London katika miaka ya 1930, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Kisha akazitembelea nchi zetu. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi ya kusimamia mikataba ya mwaka 1949 ya kusimamisha vita kati ya Israel na nchi jirani za Kiarabu.

Thurgood Marshall naye alialikwa na Tom Mboya kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Huko aliandika rasimu ya haki za raia. Suala zito lilikuwa hatima ya jamii ndogo, yaani Wazungu na Waasia, baada ya Waafrika walio wengi kushika serikali. Mtu ambaye jamaa zake walionewa kwa kuwa wachache alikaa akatafuta maneno ya kuwalinda wachache wa nchi nyingine, wakiwamo wale waliokuwa wakiwatawala Waafrika. Na miongoni mwa Waasia hao walikuwamo Waislamu wengi. Rasimu yake haikuwa neno la mwisho, kwani katiba ya uhuru ya 1963 ilipitia mikono mingi. Lakini uadilifu wa namna hiyo, wa kumtendea haki hata usiyempenda, dini yetu imeuamrisha, na tunapouona kwa mwingine tunaukiri.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sisi nasi tulichelewa. Zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wengi waliogopa kuwapeleka watoto wakachelea imani yao. Baadaye tukaanza kujenga zetu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, kilifunguliwa mwaka 1988 kikiwa na wanafunzi 80 tu, na kimewasomesha vijana wa nchi nyingi. Alhamdulillah.

Lakini bado tunasikia miongoni mwetu maneno kwamba shule fulani tuivumilie kwa kuwa ni ya Waislamu, hata kama maktaba imefungwa, walimu hawalipwi, na matokeo ya mtihani ni ya kusikitisha. Hapo ndipo habari ya Howard inapotuhusu. Howard ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kitivo chake cha sheria kutambuliwa. Kilichoibadilisha ni watu waliosema kwamba kwa kuwa chuo ni chetu, ndiyo sababu hatutakubali kiwe dhaifu.

Basi wazazi, mnapokwenda kwenye mkutano wa shule, ulizeni habari za mwalimu, kitabu na mshahara, kabla ya kuuliza habari za rangi ya ukuta. Wenye uwezo, kumbukeni kwamba masharti yakipanda maskini ndiye anayeachwa nje, kwa hiyo changieni ada za watoto wasiojiweza, ili tusije tukapata ubora kwa kuwasahau mayatima. Nanyi wanafunzi, kila mmoja ajiulize kuna mama gani aliyeuza nini ili yeye akae darasani, na elimu hiyo atamtetea nani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awabariki walimu wetu, na ajaalie shule zetu ziwe ngao ya haki kwetu na kwa majirani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.