Jacko, Fundi Rangi Mwenye Ulimi wa Asali

Kuna watu wawili wanaoingia hadi chumba cha kulala cha mwenye nacho bila kuwa wageni wake: daktari na fundi rangi. Daktari hupewa kiti. Fundi hutandikiwa magazeti ya zamani asije akachafua sakafu. Nadhani waandishi John Esmonde na Bob Larbey waliliona hilo vizuri walipomtunga Jacko.

Jacko ndiye mhusika mkuu wa Brush Strokes, komedi iliyorushwa na BBC kuanzia 1986 hadi 1991, vipindi 40 katika misimu mitano. Aliigizwa na Karl Howman. Ni kijana wa London ya kusini, kapera, anaishi kwa dada yake Jean na shemeji yake Eric, ambaye pia ni fundi rangi. Ana brashi, ana tabasamu, na ana maneno. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Jacko aliyatumia kwa kila mwanamke aliyepita mbele yake, wakiwemo wa nyumbani kwa bosi wake, Lionel Bainbridge.

Ukiitazama leo, ni rahisi kuiona kama hadithi ya mtongozaji tu. Mimi naisoma kwa tarehe zake. Uingereza ya miaka ile ilikuwa chini ya Margaret Thatcher. Watu wasio na ajira walikuwa wamevuka milioni 3. Mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa 1984 na 1985 ulikuwa umeshindwa, na migodi ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Wakati huohuo, sheria ya makazi ya 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua, na zaidi ya milioni moja zikauzwa ndani ya muongo huo. Aliyenunua nyumba alitaka kuipamba. Kwa hiyo, mchimba makaa akibaki bila kazi, mwenye brashi bado alikuwa na mlango wa kubisha.

Ndiyo maana haiba ya Jacko hainichekeshi tu. Naiona kama mtaji. Hana shahada wala hisa, na wala hatumwoni akiandamana. Alichonacho ni uwezo wa kumfanya mtu wa tabaka la juu asahau, kwa dakika tano, kwamba amemwajiri. Kisha dakika tano zinakwisha, naye anarudi kwenye ngazi yake.

Hata wimbo wa kipindi una historia hiyohiyo. Uliimbwa na Dexys Midnight Runners, bendi iliyoshika namba 1 Uingereza mwaka 1982 kwa "Come On Eileen", kisha albamu yao ya 1985 ikadoda sokoni. "Because of You" uliwarudisha kwenye chati 1986. Ni wimbo mpole, karibu wa huzuni, na kila mara naona unajua jambo ambalo Jacko halijui.

Jambo hilo ni gharama. Miaka 20 kabla yake, filamu ya Alfie (1966) ilimwonyesha Michael Caine kama mpenda wanawake wa tabaka hilohilo, na haikuficha bili: kuna utoaji mimba ndani yake, na mwanamume anayeshindwa kuvumilia alichokiona. Brush Strokes ilichagua upole. Lakini haikuwasahau wanawake. Sandra, katibu muhtasi wa kampuni, anampenda Jacko na bado anamwona alivyo. Kwangu yeye ndiye mizani ya hadithi: kila Jacko anapochekesha, natazama uso wa Sandra kwanza.

Wanahistoria hutafuta zama za Thatcher kwenye hotuba na takwimu, na wana haki. Lakini komedi hutunza kitu ambacho takwimu hazikihifadhi: jinsi maskini alivyotakiwa kupendeza ili apate kazi. Ukuta uliopakwa rangi vizuri hauonyeshi nyufa zilizo chini yake. Fundi ndiye anayejua zilipo, kwa sababu ndiye aliyelipwa kuzifunika.